Jela kwa Herufi Gani

Msije mkasema naisema serikali. Mimi serikali naipenda, nayo inanipenda kupita kiasi, maana imekataa katakata kuachana na mimi. Hapa nasimulia tu mambo yalivyokwenda. Kama kuna atakayecheka, acheke kwa hiari yake na aandikishe jina.

Jina la nchi yetu silitaji. Si woga, la hasha! Ni kwamba tahajia yake bado iko kwenye kamati.

Mambo yalianza pale Mlezi Mkuu wa Taifa alipokwenda ziara Uingereza. Alikuwa anapitishwa kwa gari kwenye barabara nzuri, akafika mahali magari yanapozunguka duara la maua, akaona kibao chenye maneno mawili: keep left. Akamuuliza mwenyeji wake yana maana gani. Akaambiwa kwamba ni kuwaagiza madereva wapite kushoto. Mlezi Mkuu akanyamaza kilomita nne nzima, wasaidizi wakidhani ni chakula kimemkataa. Kumbe alikuwa anawaza neno kipilefti, ambalo sisi wote tumekua nalo tukijua ni la kwetu kama kisima na kijiko.

Aliporudi hakwenda hata nyumbani kuoga. Alisimama palepale uwanja wa ndege akahutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumekuwa wezi bila kujua! Mtu wa watu anasimamisha kibao kwao, kwa lugha yake, amwambie dereva wake apite kushoto. Sisi tunakinyakua, tunakipachika ki, na viwili vikikutana tunasema vipilefti! Hayo hayatoshi. Gari la Mwingereza lina chuma cha kuzuia matope, mwenyewe anakiita mudguard. Sisi tumesikia madigadi. Tukasema ahaa, yakiwa mengi ni madigadi, basi moja ni digadi. Digadi! Ndugu zangu, nawauliza mbele ya mataifa, digadi ni mnyama gani?"

Umati ulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilikuwepo na nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

Agizo likatoka siku ileile. Kila neno tulilolichukua kwa Mwingereza lirudishiwe maandishi ya asili, kama lilivyokuwa siku ya kwanza lilipotoka kwa wenyewe. Ikaundwa Tume ya Kurejesha Maneno, mwenyekiti wake Profesa Elikana Bwigane, msomi mwenye miwani mitatu: ya kusomea Kiingereza, ya kusomea Kiswahili, na ya kupigia picha.

*

Sasa mnijue. Naitwa Zefania Lukosi, mchoraji wa vibao. Saluni, gereji, baa, bucha, ukiona herufi nyekundu zenye kivuli cheusi mjini kwetu, jua ni mkono wangu. Nina mke, Anzelma, na binti yetu Nuru wa miaka minne.

Polisi walipoambiwa wakamate waharibifu wa maneno, waliangalia huku na huku wakaona kazi ni ngumu, maana watu wote wanayasema na hewani hayabaki. Ndipo akili ikawajia kwamba wachoraji wa vibao ushahidi wao uko ukutani. Na mimi, kwa majivuno yangu ya kijinga, kila kibao nilikuwa natia sahihi pembeni. Walinikuta na kibao cha mita tatu kwenye barabara kuu: VIPILEFTI VIWILI MBELE, PUNGUZA MWENDO.

Hakimu aliniangalia kama mtu aliyekuta nzi kwenye uji.

"Ulipolitia neno hili wingi, uliomba ruhusa kwa nani?"

"Kwa nani tena, mheshimiwa? Si viko viwili?"

"Hujajibu swali."

"Mheshimiwa, nenda kahesabu mwenyewe."

Hapo niliharibu. Ningekaa kimya ningepata miezi mitatu. Nilipewa sita, na hukumu ikaandikwa kwa wino wa bluu kwamba Zefania Lukosi atumikie miezi sita jela. Jela, herufi nne, je, e, le, a, kama alivyoiandika kila karani tangu nchi hii ipate makarani.

Miezi sita niliimaliza. Sitawachosha na habari za dona na maharage. Niliimaliza nikihesabu siku kwa kucha ukutani, na asubuhi ya siku ya mwisho nilinyoa ndevu, nikaaga wenzangu, nikawapa blanketi langu. Msimpe mtu blanketi lenu kabla hamjatoka, nawaomba sana.

*

Mkuu wa pale alikuwa Mrakibu Kirobo, na nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga mtu. Alikuwa anapenda karatasi tu, kama wengine wanavyopenda mpira. Nilimkuta mezani na barua ya kunitoa, na pembeni yake amesimama Koplo Mashauri ameshika daftari kubwa la wafungwa.

"Zefania," akasema, "barua yako imekuja. Hongera. Sasa kuna kajambo kadogo."

Katika nchi yetu hakuna kitu kikubwa kama kajambo kadogo.

"Barua inaagiza utolewe kutoka gaol. Tazama mwenyewe: ge, a, o, le. Ndivyo Mwingereza wa zamani alivyoiandika jela, na ndiyo tahajia mpya ya Tume. Lakini daftari linasema wewe uko jela. Koplo, hapa kwetu kuna gaol?"

Koplo Mashauri akageuka akachungulia uani kwa makini. "Sijaiona, afande."

"Umesikia. Nikikutoa jela, nitakuwa nimemtoa mtu ambaye barua haimjui. Na yule wa gaol atakuwa bado amebaki ndani."

"Afande, huyo wa gaol ndiye mimi!"

"Hilo unalijua wewe," akasema kwa upole. "Karatasi hailijui. Nitaandika wizarani niulize."

Anzelma alikuwa nje tangu saa kumi na mbili na nusu, amenipigia pasi shati langu jeupe. Walituruhusu kuzungumza kupitia tundu la geti.

"Baba Nuru, toka twende, jua linatuchoma."

"Kuna tatizo la herufi, mama."

"Herufi gani?"

"O."

"Zefania, unanifanyia mzaha?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo lililonikata maini. Kaka yake, Obadia, mwenye lori la mbao, alishamwambia mapema kwamba mwanamume akimaliza miezi yake asitoke, basi hataki kutoka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi atapita na lori. Nisipokuwa nyumbani, anamchukua dada yake na mtoto, anawarudisha kwao milimani, na mimi nisiwafuate.

"Nami nimemwambia utatoka," akasema. "Usinitie aibu, Baba Nuru. Nimekusemea."

Zilikuwa zimebaki wiki nne.

*

Majibu ya wizara yalikuja upesi, tusiwaonee. Yalisema kwamba jela na gaol ni mahali pamoja, ila daftari lirekebishwe kwanza. Koplo Mashauri akakaa siku mbili akifuta jela kwenye majina mia tatu na kumi, akaandika gaol kila mstari, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Alipomaliza, tulimpigia makofi. Nikavaa viatu.

Ikaingia barua mpya. Zefania Lukosi atolewe kutoka jail.

Kumbe Profesa Bwigane alikuwa amerudi kutoka Uingereza, yeye na wajumbe thelathini na wanane. Tulisikia taarifa yake redioni, tumekaa uani chini ya jua wote, na siku ile hata wauaji walikuwa wametega masikio kama watoto wa madrasa.

"Wananchi wenzangu," alianza Profesa, "tumelitafuta neno hili mpaka kwenye maktaba zao za kale, mahali ambapo huruhusiwi hata kupiga chafya. Tulitaka maandishi ya kwanza. Wakatufungulia kitabu kimoja, tukakuta gayole. Kingine, gaile. Kingine, jayle. Zamani kule kila mwandishi aliandika kama sikio lake lilivyomwambia. Tukawauliza, je, waliokosea walipewa miezi mingapi? Wakatushangaa sana. Hakuna aliyefungwa, wakasema. Hata mmoja."

Mzee mmoja aliyekuwa na miaka miwili kwa ajili ya kuandika bilauzi kwa herufi moja pungufu alitema mate chini.

"Hii ni kasoro yao, sisi hatutairudia," aliendelea Profesa. "Sababu tumeigundua. Neno hili Mwingereza naye aliliazima! Alilichukua kwa Mfaransa, tena mara mbili, kwa milango miwili. Wafaransa wa kaskazini walilitamka kwa ge, wale wa Paris wakalitamka kwa je. Mwingereza akachukua yote mawili, akayaweka ndani, na kwa karne nyingi akawa anaandika ge na kusoma je. Tume imegawanyika. Wajumbe kumi na tisa wako upande wa ge, kumi na tisa upande wa je. Tutapiga kura kila Jumatatu mpaka ukweli ushinde."

Kisha, kama nyongeza, akatusimulia habari ya neno lao la kisiwa, island. Neno hilo lina herufi S katikati ambayo hakuna Mwingereza anayeitamka. Zamani haikuwemo kabisa. Wasomi walidhani neno limetoka kwenye Kilatini, ambako kisiwa kina S, wakaipachika. Halikutoka huko. Walikosea. Lakini S iko mle tangu karne hizo, haitamkwi, haina kazi, kila mtu anajua iliingizwa kwa makosa, na hakuna anayeitoa.

"Maskini S," akasema yule mzee wa bilauzi.

Hatukucheka. Tulimwonea huruma S kwa dhati, wengine hata tukamwombea.

Basi hivyo ndivyo nilivyoishi. Jumatatu ya kwanza je ilishinda, maana mjumbe mmoja wa ge alikuwa amesinzia, Koplo akafuta daftari akaandika jail. Alipofika jina langu, Jumatatu ya pili ikawa imefika, na ge ikashinda kwa sababu mjumbe mmoja wa je alikuwa msalani. Barua ikaja na gaol. Daftari likarudishwa gaol, barua ikaja na gayole, maana walitokea watu wenye msimamo wa kati waliosema turudi nyuma kabisa. Kila mara barua yangu ilikuwa mbele na daftari liko nyuma, au daftari mbele na barua nyuma. Karatasi ya daftari ikatoboka mahali penye jina langu kwa kufutwafutwa. Mrakibu Kirobo akaniita akanionya kwamba nachakaza mali ya umma.

Nilimwambia, "Afande, mimi nimekaa tu."

"Ndilo tatizo lako," akasema. "Unakaa sana."

*

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Tume ikaamua kuacha kugombana juu ya herufi na kuchimba mzizi wenyewe. Walichimba kupita Mwingereza, wakapita Mfaransa, wakatokea kwenye Kilatini. Huko wakakuta neno lenye maana ya kitundu kidogo, kama kile cha kufugia ndege.

Mngekuwa nyinyi mngesema, oh, kumbe, mkaenda zenu kunywa chai. Serikali yetu si ya kunywa chai. Waraka ulitoka ukisema kwamba neno haliwezi kurudi kwenye asili yake likaacha kitu nyuma. Kama mwanzoni palikuwa kitundu, basi pawe kitundu. Mafundi wakaja na nyavu za kuku na misumari. Chumba chetu cha watu kumi na wawili kikagawanywa vizimba kumi na viwili, na mimi nikapata cha kona. Nikinyoosha viwiko viwili nagusa pande zote mbili. Nikitaka kujigeuza, nasimama kwanza, nageuka, halafu nakaa. Waziri alikuja kukagua, akapiga picha akiwa ameshika wavu, akasema anaona fahari kuona lugha ikifanya kazi.

Nitasema ukweli. Kabla ya hapo nilikuwa nachukulia mambo kama vichekesho. Ndani ya wavu ule nilianza kuogopa. Nilikuwa nikifumba macho naona lori la Obadia limesimama mbele ya mlango wangu, mwanangu anapandishwa juu ya mbao, na mimi sina hata nafasi ya kuinua mkono nimpungie.

Koplo Mashauri alinionea huruma. Alipita mbele ya wavu akaniletea wazo.

"Zefania, kwani lazima kusema jela? Si kuna gereza? Hilo si la Mwingereza. Nitamshauri Mrakibu aandike."

Mrakibu akaandika. Loo! Tume ikajibu kwa furaha kubwa kwamba gereza nalo wamelichunguza, na kwa jinsi wataalamu wanavyosema, limetoka kwa Mreno, na kwa Mreno maana yake ni kanisa. Siku ya pili yake lango likapakwa rangi nyeupe, tukaletewa mchungaji na kinanda.

Mchungaji alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nzito. Alitukaribisha, kisha akasema, "Katika nyumba hii kila muumini huingia kwa hiari na hutoka kwa hiari."

Wavu ulitikisika. Tulisimama wote mia tatu na kumi kwa pamoja.

"Isipokuwa ibada ikiwa inaendelea," akasema Mrakibu Kirobo kutoka nyuma.

Ibada iliendelea siku tatu. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Wasiojua nyimbo waliimba majina ya wake zao. Siku ya nne Wizara ya Dini ikalalamika kwamba kanisa haliwezi kuwa na nyavu za kuku, suala likaondolewa, lango likapakwa tena kijivu.

*

Jumamosi ile Anzelma alikuja kunitazama. Aliniona kwenye kizimba, akaweka mkono mdomoni. Kisha huruma ikamtoka, hasira ikamwingia. Namjua mke wangu, akikasirika anafunga kanga vizuri kwanza.

"Imebaki wiki moja," akasema. "Wewe kaa hapo na Mfaransa wako. Mimi naenda kuwaona hawa watu."

"Nani?"

"Hao wenye miwani."

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la Tume siku mbili, Jumapili na Jumatatu, akiwa amempakata Nuru. Siku ya pili Profesa alipotoka kwenda kula, Anzelma akamzibia mlango.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mama. Una neno?"

"Ninalo. Mnahangaika na Mwingereza wa nini, baba zangu? Kwani sisi hatuna la kwetu? Mtu akifungwa, ana kifungo. Kikiisha, anafunguliwa. Bibi yangu hakujua hata herufi moja ya Kiingereza, na hilo alilijua. Andikeni hivyo, mnipe mume wangu niende nyumbani."

Wanasema Profesa Bwigane alivua miwani yote mitatu. Alirudi ndani bila kula. Wajumbe wa ge na wajumbe wa je walitazamana, wakakumbatiana wakalia. Saa mbili baadaye Mlezi Mkuu alikuwa redioni akilisifu neno hilo, akilitamka polepole kama mtu anayeonja asali: ki-fu-ngo. O yake haina wa kuizozania, ge yake haina je ya kugombana nayo, halijapita kwa Mfaransa yeyote. Akaagiza kuanzia sasa barua zote za wafungwa ziandikwe kwa neno hilo, na ya kwanza iwe ya mume wa yule mama shujaa.

Anzelma alikuja mbio mpaka getini kuniambia. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Barua inakuja kesho, Jumanne! Nimewapatia neno, Baba Nuru! Jumamosi Obadia akija atakukuta umekaa kibarazani unakunywa chai, na nitamwambia, haya, shemeji yako huyo, msalimie."

Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye siku ile.

*

Jumanne saa nne niliitwa ofisini. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe. Mrakibu Kirobo alisimama kunipokea, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Zefania, leo ni leo. Barua haina doa. Nimeisoma mara saba." Akaisoma kwa sauti ya sherehe: "Zefania Lukosi afunguliwe kifungo chake mara moja."

"Ahsante, afande!"

"Ngoja. Neno jipya hili, kwa utaratibu nalitazama kwenye kamusi ya Tume." Alikuwa na kamusi mpya mezani, bado inanukia gundi. Akafungua, akapitisha kidole. "Kifungo. Maana ya kwanza: kitu kidogo cha mviringo cha kushikizia nguo. Maana ya pili." Akanyanyua uso. "Maana ya pili inasubiri kikao."

"Afande. Afande, hapana."

"Koplo, mfungwa ana vifungo vingapi?"

Koplo Mashauri akanihesabu kifuani. "Sita, afande."

"Barua inasema kifungo chake. Kimoja. Kipi?"

Wakashauriana. Koplo alisema cha katikati, kwa kuwa ndicho kinachofanya kazi kubwa. Mrakibu akasema serikali huanzia juu. Akatoka nyuma ya meza, akanikaribia, na kwa vidole vyake viwili visafi akanifungua kifungo cha shingoni. Nikajaribu kumshika mkono. Akanitazama kwa mshangao, akarudi nyuma.

"Mara moja," akasema. "Si mara mbili. Imekwisha."

Akagonga muhuri: IMETEKELEZWA. Koplo akapiga mstari mwekundu juu ya jina langu daftarini, akaandika pembeni: amefunguliwa, Jumanne, saa nne na dakika kumi.

"Sasa naenda nyumbani?" niliuliza.

"Barua haisemi uende mahali."

"Basi bado nimefungwa!"

"Zefania," akasema Mrakibu, na nadhani aliumia kidogo, "usiwe na shukrani za punda. Nimekufungua kwa mkono wangu mwenyewe."

Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa, nikatukana Tume, nikatukana Kilatini. Wakanirudisha kizimbani. Nilimsihi Koplo anifungulie geti tu, mtu asiyemo daftarini akitoka nani atajua? Alifikiri sana, maskini. Akaniambia geti hufunguliwa kwa jina lililomo daftarini, na langu halimo. Angemfungulia nani?

Chakula nacho kilianza kunipita, kwa kuwa sikuwa kwenye hesabu. Wenzangu walinipitishia matonge kwenye matundu ya wavu.

Nikasubiri Jumamosi. Nilijiambia, Anzelma akiona sijafika nyumbani, atakuja kuuliza, na akiuliza tu, yamekwisha.

Alikuja. Nilisikia lori likizimwa nje. Nikasikia sauti yake getini, ya kawaida kabisa, na ya Koplo Mashauri ikimjibu.

"Mama Nuru, karibu. Mumeo alifunguliwa tangu Jumanne."

"Jumanne hii?"

"Saa nne na dakika kumi. Mrakibu mwenyewe ndiye aliyemfungua. Hata muhuri upo, njoo uone."

"Mama Nuru!" nikapiga kelele. "Nipo! Nipo huku nyuma! Anzelma!"

Anzelma akasema, "Nimesikia sauti yake."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa. Koplo alikuwa anatafuta, na alitafuta kwa haki, ukurasa hadi ukurasa.

"Mama, hakuna mtu wa jina hilo humu."

Niliita tena na tena mpaka koo likapasuka. Wenzangu nao wakaita, mia tatu na tisa, wakitaja jina langu. Lakini mkiita watu wengi hivyo, mtu aliye nje hasikii jina. Husikia kelele za wafungwa tu. Nilipowanyamazisha, Obadia alikuwa ameshaanza kusema.

"Siku nne, dada. Siku nne yuko huru na hajafika nyumbani. Unataka nini tena?"

Nilingoja Anzelma amjibu. Alizungumza na Koplo, si na kaka yake.

"Akipita hapa kuulizia, mwambie tumeondoka."

Lori likawashwa.

Koplo Mashauri ni mtu wa kazi yake. Aliuandika ujumbe ule daftarini, akaja nao hadi mbele ya wavu wangu, akanisomea neno kwa neno. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama akilitazama daftari, kalamu mkononi, ana wasiwasi. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa maandishi, kama tumeondoka huandikwa neno moja au mawili.

Nikamwambia neno moja.